Anti, nasoma biashara, hii mikro ya nini? Sapu ninayo na baba ananicheka

Anti shikamoo. Naomba jina langu na chuo changu usivitaje maana baba anasoma safu yako akiwa dukani, akinijua nimekwisha.

Mi niko mwaka wa kwanza, nasoma digrii ya biashara hapa hapa Dar, nakaa Mbagala kwa wazazi. Advansi nilisoma HGE (historia, jiografia na uchumi) kwa hiyo uchumi sio mgeni kwangu kabisa, nilipata B na ndio somo lililonibeba, nikajua chuo ntateleza tu. Anti, mikro, ule uchumi wa mteja mmoja mmoja na kampuni moja moja, imenikalisha. Uchumi wa fom siksi ulikuwa wa maelezo, unaambiwa taja sababu sita unashusha pointi zako unatoka, huku chuo ni magrafu na hesabu mwanzo mwisho, lekchara anaingia anachora kevu nne kwenye grafu moja anasema hii ni obviasi afu anafuta. Koswek, zile maksi za kabla ya mtihani, nilikuwa na 17 kati ya 40, UE, yani mtihani wa mwisho, ikaja ikanimalizia, sa hivi nina sapu ya mikro, mtihani wa marudio, Septemba. Makro nimeponea C, kule kwenye mfumuko wa bei na benki kuu angalau unaweza ukapiga stori ukaeleweka.

Kuna swali nalikumbuka mpaka leo. Kampuni iko peke yake sokoni, demandi yake ni P = 100 − 2Q, P ni bei na Q ni idadi, gharama zake zote ni 300 + 20Q, tafuta bei na idadi itakayompa faida kubwa kuliko zote. Mi nikaona mbona mteremko, nikachukua ile bei nikailinganisha na 20, Q ikaja 40, bei ikaja 20, nikapiga mistari miwili chini ya jibu nikahamia swali linalofuata. Nimepewa maksi 2 kati ya 15, na hizo mbili nahisi ni za huruma.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba biashara mi naifanya. Nauza mitumba, blauzi za kike. Nachukua belo Ilala la 480,000, ndani zinatoka kama 160, yani kila moja imenisimamia 3,000, natupia picha stetasi na kwenye magrupu ya chuo, Ijumaa nabeba mfuko napeleka hosteli. Nilikuwa nauza 8,000, zinaenda kama 10 kwa wiki. Nikashusha mpaka 6,000 zikaanza kwenda 16, nikafurahi kweli, hela mkononi imeongezeka, lakini mwisho wa mwezi nikipiga hesabu naona niko pale pale au nimerudi nyuma kidogo na sielewi kwa nini. Afu kuna 40 zimegoma kabisa, zimekaa kwenye mfuko chini ya kitanda, watu wananiambia ziuze hata buku buku nakataa, siwezi kuuza chini ya 3,000 ntakuwa nakula mtaji.

Sasa baba. Baba ana duka la vyombo Kariakoo, fremu ni yake, aliachiwa na babu. Siku moja anaongea na jirani yake kuwa bei za vitu zimepanda kwa sababu mapango Kariakoo yamepanda, mi kiherehere changu nikadakia kwamba chuo tumefundishwa gharama ambayo haibadiliki haigusi bei. Anti, alinicheka mbele ya vijana wa duka wote. Akaniuliza hao walimu wako walishawahi kuuza hata sufuria moja? Afu akasema yeye hana pango ndio maana faida yake kubwa kuliko wenzake wote mtaa ule, hiyo ndio uchumi, sio hayo makombeo unayochora kwenye daftari.

Rafiki zangu mmoja anasema niahirishe mwaka nijipange, mwingine anasema nihamie kozi ya masoko huko uchumi haupo, na kuna mkaka anauza madesa ya sapu elfu kumi anasema maswali huwa hayabadiliki. Mi swali langu ni hili, mtu anayesoma biashara analazimishiwa uchumi wa nini? Na nifanyaje Anti, maana boom lenyewe, hela ya mkopo, nalitegemea.

Mwenye sapu, Mbagala

*

Marahaba mwanangu, hujambo?

Nimesoma barua yako nikacheka, usinielewe vibaya. Nimecheka kwa sababu lile swali la maksi 2 na lile la blauzi za 6,000 ni swali moja, na umelikosea kwa namna ile ile, mara moja kwenye karatasi na mara moja kwenye mfuko wako. Kwa hiyo unaponiuliza uchumi wa nini, mi naona umeshajijibu bila kujua, twende taratibu utaona.

Tuanze na blauzi. Kwa 8,000 ulikuwa unauza 10, zinaingia 80,000. Kwa 6,000 unauza 16, zinaingia 96,000. Umeongeza 16,000, ndio hiyo iliyokufurahisha. Lakini hebu iangalie hiyo 16,000 imetoka wapi. Wale wateja sita wapya wamekuletea 36,000. Wale kumi wa zamani, ambao walikuwa tayari kutoa 8,000 bila kelele, umewarudishia 2,000 kila mmoja, jumla 20,000 imeondoka hivi hivi. 36 toa 20 ndio 16. Sasa blauzi sita za ziada hazijadondoka toka juu, zimekusimamia 3,000 moja, yani 18,000. Umeingiza 16,000 kwa kutoa 18,000. Kila wiki umebeba mfuko mzito zaidi, umepiga picha nyingi zaidi, umejibu meseji za "mwisho shingapi" nyingi zaidi, ili upungukiwe buku mbili. (Na kwa kweli blauzi nzuri imekusimamia zaidi ya 3,000 maana belo linakuja na takataka zake, kwa hiyo hasara ni kubwa kuliko hiyo, ila tuiache tusivuruge hesabu.)

Hao wateja wa zamani unaowapunguzia bei bila kujua ndio roho ya lile swali la mtihani. Demandi ni P = 100 − 2Q. Mapato yote ni bei mara idadi, kwa hiyo ni 100Q − 2Q². Ukidifarenshieti, ambayo HGE mlifanya kwenye BAM, ile hesabu yenu ya advansi, kwa hiyo usiniambie hujawahi kuiona, unapata majino reveniu, yani mapato yanayoletwa na kile kipande kimoja cha nyongeza: 100 − 4Q. Ile 2 imegeuka 4, na wanafunzi wengi wanaikariri tu kwamba mteremko unazidishwa mara mbili, sheria, basi. Mteremko umeongezeka mara mbili kwa sababu ili uuze kimoja zaidi inabidi ushushe bei, na ukishusha unaishusha kwa wote sio kwa yule wa mwisho peke yake. Gharama ya nyongeza ni 20. Kwa hiyo 100 − 4Q = 20, Q ni 20, bei inakuja 60. Yanaingia 1,200, yanatoka 700, faida 500.

We ulimwambia huyo bwana azalishe 40 auze kwa 20. Yanaingia 800, yanatoka 1,100. Umemtia hasara ya 300, na angalia hiyo 300 ni ipi, ni ile ile gharama ya kudumu aliyoanza nayo, tuite pango. Yani amefanya kazi mara mbili, kila kitu amekiuza kwa gharama yake, halafu pango lote amelilipa toka mfukoni. Msahihishaji alikuwa na huruma kweli kukupa hizo mbili.

Ila jibu lako sio la kijinga, lina mahali pake. Muuza nyanya pale Mabibo hana uwezo wa kupanga bei, bei anaikuta asubuhi, akiongeza tenga moja au akipunguza soko halimjui, kwa hiyo kwake bei na majino reveniu ni kitu kimoja na kulinganisha bei na gharama ya nyongeza ndio sahihi kabisa. Swali limekwambia kampuni iko PEKE YAKE sokoni. Maneno mawili umeyaruka, maksi 13 zimeenda. Kwenye sapu kabla hujagusa kikokotoo jiulize kwanza huyu muuzaji anapanga bei au anaikuta, nusu ya maswali ya mikro yanafunguka hapo hapo.

Sasa zile 40 zilizo chini ya kitanda. Hapa ndio umekosea kinyume chake, na ndio napotaka ukae upaelewe. Unasema huwezi kuuza chini ya 3,000 utakula mtaji. Mwanangu mtaji ulishaliwa siku ulipokata kamba ya lile belo. Hiyo 3,000 uuze, usiuze, uzichome moto, hairudi. Swali la leo ni moja, kuna mtu yeyote atatoa zaidi ya buku? Kama hayupo basi buku mara 40 ni 40,000, hiyo unaiongezea kwenye belo linalofuata, kuliko mende wazile. Utaniuliza mbona dakika mbili zilizopita Anti kanihesabia 3,000 kama gharama, sasa hivi ananiambia imekufa? Ndio, na tofauti ni muda. Zile 16 za kila wiki ukizimaliza unaenda kununua belo jingine, kwa hiyo kila blauzi nzuri unayouza inakugharimu nyingine ya kuijazia nafasi, 3,000 iko hai. Tena blauzi nzuri ukiiuza leo 6,000 umejinyima kuiuza wiki ijayo 8,000, hiyo nayo gharama hata kama haina risiti. Hizi 40 hakuna anayezisubiri wiki ijayo. Gharama yake ya leo ni nauli yako na Jumamosi yako.

Ila tafadhali usizipeleke hosteli. Wale wadada wa 8,000 wakiona buku buku siku moja, kuanzia hapo watakusubiri ufike siku ya buku buku, na umeharibu soko lako kwa mkono wako. Mwaga turubai Rangi Tatu jioni watu wanaposhuka kwenye magari, wateja wengine kabisa, hawajuani na wa chuo. Ukifika mada ya ubaguzi wa bei, yani kitu kile kile kuuzwa bei tofauti kwa wateja tofauti, sharti mojawapo watakaloandika kwenye desa ni kwamba masoko yawe yametengana na bidhaa isihame toka soko moja kwenda lingine. We sasa unajua kwa nini.

Tuje kwa mzee. Mzee ana haki nusu na lekchara wako ana haki nusu, na we ulikosea mahali pa kuongelea tu. Ulichofundishwa ni hiki: gharama ya kudumu ukidifarenshieti inapotea, 300 haionekani kwenye jibu, kwa hiyo pango likipanda toka 300 kwenda 400 bei bora bado ni 60, faida ndio inashuka. Ni kweli kabisa kwa duka moja kwa muda mfupi. Jirani wa baba akipandishiwa pango peke yake hawezi kuongeza bei ya sufuria hata jero, mteja anapiga hatua tatu ananunua kwa baba yako. Lakini mzee hakuwa anaongelea duka moja, alikuwa anaongelea Kariakoo nzima. Mapango yakipanda mtaa mzima, baada ya muda wengine wanafunga, wengine wanahamia Mbagala na Tegeta, wengine wanaigawa fremu moja vizimba vinne, mzigo unaoingia mtaani unapungua na hapo bei zinapanda kweli. Hiyo ndio tofauti ya muda mfupi na muda mrefu ambayo najua unayo kwenye daftari ila umeiandika kama tafsiri ya kukariri.

Afu kuna upande wa tatu ambao ningependa umwambie mzee siku mkiwa na utulivu. Kuna Mwingereza anaitwa David Ricardo, alikuwa mfanyabiashara wa hisa na hati za serikali London, alitajirika kwanza ndio akaandika uchumi, kwa hiyo lile swali la sufuria huyo anapona. Mwaka 1817 alisema kuhusu mashamba ya ngano kwamba watu wanaigeuza hesabu juu chini: ngano haiwi ghali kwa sababu kodi ya shamba ni kubwa, kodi inakuwa kubwa kwa sababu ngano ni ghali. Ilete Kariakoo. Kwa nini mtu anatoa kilemba, ile hela ya kuachiwa fremu, cha kutisha apate fremu ya upana wa kitanda? Kwa sababu wanunuzi wa Zambia, Malawi, Kongo na Comoro wanashukia pale na mikoa yote inafungasha pale. Biashara ndio inayovuta pango. Wenye fremu wanaangalia mnaingiza nini ndio wanapandisha.

Na hapo ndio tunafika kwenye fremu ya baba, ambayo mimi naiona ndio kitu kitamu kuliko vyote kwenye barua yako. Mzee anasema hana pango ndio maana faida yake kubwa. Kihasibu yuko sawa, hakuna hela inayotoka. Kiuchumi anajidanganya. Tuseme fremu ile akimkodisha mtu anapata milioni moja na nusu kwa mwezi, na faida yake kwenye vyombo ni milioni mbili. Basi milioni na nusu ni kazi ya fremu ya babu, sufuria zenyewe zimemletea laki tano tu, na hapo hatujahesabu kwamba yuko dukani toka saa moja asubuhi. Inawezekana ni yeye anayemzidi jirani kwa akili ya biashara, inawezekana kabisa ni jirani mwenye pango ndiye muuzaji bora na baba yako anabebwa na urithi. Huwezi kujua mpaka uhesabu pango analojilipa mwenyewe. Gharama ya kitu ni kile ulichokiacha ili ukipate, hiyo ndio sura ya kwanza ya kila kitabu cha mikro, na kila mtu anaipita haraka kwa sababu inaonekana rahisi. Usimwambie hivi mbele ya vijana wake lakini! Msubiri nyumbani, ameshakula, muulize kwa upole tu, "Baba, mtu akija leo anaitaka hii fremu utamtajia shilingi ngapi kwa mwezi?" Afu unyamaze. Mfanyabiashara wa Kariakoo hiyo hesabu ataimalizia mwenyewe.

Kwa hiyo unalazimishiwa uchumi wa nini. Ntakuwa mkweli, haukufundishi kuchagua belo, haukufundishi kubembeleza mteja wala kumjua tapeli kwa sauti, hayo baba yako anayajua kuliko profesa yeyote. Unakufundisha kuona watu wengine watafanya nini ukishabadilisha kitu. Chukua tozo. Tarehe 15 Julai 2021 serikali iliweka tozo kwenye kutuma na kutoa hela kwa simu, kwa muamala mkubwa ikifika mpaka 10,000. Kwenye karatasi unaweza kuzidisha miamala yote ya nchi mara tozo ukapata mabilioni ya kupendeza. Watu hawakukaa kusubiri kuzidishwa, wakarudi kwenye keshi, wakatuma kwa mkono wa kondakta wa basi, wakakusanya midogo mitano wakatuma mkubwa mmoja. Miamala ikapungua, Septemba mwaka ule ule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na 2022 ikapunguzwa tena. Hiyo ni elastisiti, yani watu wanavyobadilika bei ikibadilika, na muulize baba, ataikumbuka vizuri.

Au nauli. Ya daladala kwa ruti fupi imetoka 400 kwenda 500 mwaka 2022, Desemba 2023 ikawa 600, na anayepanga ni LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, sio konda. Sasa jioni pale Posta watu wamejaa kama nini, konda haruhusiwi kupandisha bei, anafanyaje? Anakatisha ruti. Gari imeandikwa Mbagala inaishia Mtongani, mnashuka, anageuza, we unalipa nauli ya pili. Bei imebaki ile ile kwenye karatasi lakini safari ya nyumbani imekugharimu mara mbili. Ukiulizwa kwenye UE eleza athari za bei ya ukomo, ile ya juu kabisa inayoruhusiwa, usiandike "itasababisha upungufu" ukaondoka, chora ule mstari chini ya ikwilibriamu afu andika hiki unachokiona kila siku ukirudi nyumbani. Wasahihishaji wanasoma majibu yanayofanana mpaka macho yanauma, hilo wataliona.

Kusoma sasa. Madesa ya elfu kumi achana nayo, pasti pepa zipo maktaba na CR wako, kiongozi wa darasa, anazo bure, na hata kama maswali hayabadiliki namba zinabadilika, aliyekariri Q ni 20 atakufa na Q yake. Chukua penseli. Kila swali fanya kwanza kwa blauzi zako, weka namba za kweli, ukishaona inafanya kazi ndio weka zile za lekchara. Chora kevu mwenyewe kwa mkono, usipige picha ubaoni, na kila mstari uandike jina na mhimili uandike jina. Kitu kinachowachanganya wengi wenye hesabu ni kwamba wachumi wanaweka bei kwenye mhimili wa kusimama na idadi kwenye wa kulala, ingawa mnasema bei ndio inayoamua idadi, kihesabu imekaa kinyume. Ni desturi iliyoenezwa na Alfred Marshall miaka ya 1890 na hakuna aliyejisumbua kuigeuza, we ijue tu ujue hujachanganyikiwa.

Kevu za gharama ndizo zinazowaangusha wengi zaidi ya hizo za demandi. Kwa nini kevu ya gharama ya nyongeza inaikata ya wastani pale chini kabisa? Fikiria GPA yako. Somo jipya ukipata alama iliyo chini ya GPA uliyonayo, GPA inashuka, ukipata ya juu inapanda, ukipata sawa sawa inatulia. Somo jipya ndio nyongeza, GPA ndio wastani. Basi, hakuna uchawi zaidi ya huo. Indifarensi kevu nazo, zile za michanganyiko ya vitu inayomridhisha mteja sawa sawa, soma lakini usizame sana, jua kwa nini zinagusana na mstari wa bajeti na uweze kuichora bei ikipanda, inatosha kuvuka.

Nenda semina hata kama unaona aibu. Yule lekchara wa obviasi yawezekana darasa la mamia linamshinda hata yeye, lakini wale wasaidizi wa semina wengi wamemaliza juzi juzi tu na wanakumbuka walipokwama, mfuate mmoja na swali MOJA ulilojaribu ukashindwa, sio "sielewi mikro". Tafuta wenzako wawili wenye sapu mfanye diskasheni, sio grupu la watu 200 la kutumiana picha za madaftari.

Kuhamia masoko usihamie kwa ajili ya kukimbia uchumi. Kwanza digrii karibu zote za biashara mikro utaikuta mwaka wa kwanza, pili huko masoko kuna somo la kupanga bei na utakutana na hizi hizi kevu zimevaa nguo nyingine. Kama unayapenda masoko kwa kuyapenda hiyo habari nyingine, na kwa mtu anayeuza blauzi stetasi naona inawezekana kabisa, ila iamue Oktoba kichwa kikiwa kimetulia.

Kuahirisha mwaka kwa somo moja, hapana. Hapo fanya hesabu ile ile ya fremu, mwaka mmoja wa kukaa nyumbani ni mwaka mmoja wa mshahara unaousogeza mbele, na boom unaweza kulivuruga vibaya, kwa hiyo mtu yeyote asikushauri kuahirisha kabla hujaenda dirisha la mikopo hapo chuoni kwako ukauliza kwa mdomo wako na ukaona kwa maandishi. Vyuo vingi sapu haikupi zaidi ya C hata uandike kama malaika, ndio hivyo, GPA itauma kidogo, una miaka ya mbele ya kuivuta. Julai hii na Agosti punguza kwenda hosteli, maliza huo mzigo uliopo, belo jipya lisubiri wanafunzi warudi Novemba, maana hata wateja wenyewe sasa hivi wako makwao mikoani.

Ukiikosa na hiyo sapu ndio tutaongea habari za kukeri, yani kulibeba somo mwaka unaofuata, leo hatujafika huko.

Anti